Baridi ya Juni: Ziba nyufa, andaa blanketi, jiko liache nje

SAA 12 jioni mwezi Juni, iwe Njombe, Makete au Mafinga, watu hutembea haraka mikono ikiwa mifukoni, pumzi zikiwatoka kama moshi. Nyumbani, watoto wamelizunguka jiko la mkaa uani. Haipiti muda, mmoja wao anauliza: “Mama, tuliingize ndani?” Naye mama hujibu kama alivyojibiwa na mama yake alipokuwa mdogo: “Subirini moshi uishe kwanza.”

Jibu hilo linasikika kuwa la busara, lakini ndilo linalomaliza familia. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na haihitaji moshi ili itoke. Makaa yaliyokolea na kuwa mekundu, yale ambayo kila mtu huyaona kuwa sasa yako salama, ndiyo huendelea kuitoa usiku kucha. Karibu kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani na hawakuamka.

Kwa hiyo maandalizi ya baridi yana lengo moja kubwa kuliko mengine: kuifanya nyumba iwe na joto la kutosha ili asiwepo mtu atakayetamani kuingiza jiko chumbani. Na hilo linawezekana hata kwa familia yenye kipato kidogo, ikianza mapema.

Kwa nini baridi huwa kali

Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa upande wa kaskazini mwa dunia, na upepo wa kusi huleta hewa ya baridi kutoka kusini. Kwa maeneo ya miinuko hali huwa ngumu zaidi, kwani joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam huona Juni ni mwezi wa nafuu, wakati wenzake walio jirani na uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huamka na kukuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu.

Usiku usio na mawingu ndio mbaya zaidi, kwa sababu joto la mchana hupanda juu na kupotea. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto lake kwa njia hiyohiyo.

Bajeti ianze kabla ya baridi

Kosa la familia nyingi ni kununua blanketi siku baridi inapobisha hodi. Wakati huo kila mtu anatafuta blanketi, sweta na soksi, na muuza mitumba anajua hilo. Anayepita mnadani mwezi Machi au Aprili huchagua kwa utulivu na ana nafasi ya kushusha bei.

Mama anayeweka kando Sh1,000 kwa siku kuanzia Aprili mosi hadi Mei 31 anakuwa na Sh61,000 mkononi baridi inapoanza. Anayeweza Sh500 atakuwa na Sh30,500. Si fedha nyingi, lakini akiba haiozi, na inatosha kuanzia mambo ya lazima kama itapangwa.

Kabla ya kununua chochote, toa nguo na matandiko yote nje siku ya jua. Hesabu mablanketi, kagua masweta ya mwaka jana na uone nani yamembana. Sweta la mkubwa hushuka kwa mdogo, na lililotoboka hushonwa au hukatwa likawa soksi za ndani. Baada ya hapo andika kinachokosekana, na umpe kipaumbele mtoto mchanga, mzee na mgonjwa.

Upepo una njia zake

Jioni yenye upepo, pita na mshumaa uliowashwa karibu na milango na madirisha, mbali na mapazia. Mahali mwali unapoyumba ndipo upepo unapoingilia. Mara nyingi ni chini ya mlango, kwenye kioo kilichovunjika au kwenye ufa kati ya fremu na ukuta.

Ufa wa ukutani huzibwa kwa udongo mfinyanzi au saruji kidogo. Kwa chini ya mlango, shona mfuko mrefu mwembamba kwa mguu wa suruali kuukuu, ujaze mchanga au maranda, kisha uulaze hapo kila jioni. Kioo kilichovunjika kinaweza kuzibwa kwa ubao au nailoni nzito hadi fedha ya kioo ipatikane. Blanketi kuukuu likining’inizwa dirishani kama pazia la pili huzuia baridi kuliko pazia jepesi la urembo.

Jua nalo ni la bure. Fungua madirisha na mapazia kuanzia saa 4 asubuhi, lipenye na kukausha unyevu. Ikifika saa 10 jioni, kabla hewa haijageuka, funga na teremsha mapazia.

Ikiwa fedha ya dari haipo kwa nyumba nzima, anza na chumba kimoja cha kulala, na familia ikubali kubanana humo kwa miezi mitatu. Sehemu zenye mianzi mingi, mikeka ya mianzi iliyopasuliwa inaweza kufungwa chini ya kenchi. Mwenye dari ya aina hii, au ya kitambaa, asiruhusu mshumaa au kibatari chumbani.

Baridi ya kitandani hutoka chini

Wengi hujifunika mablanketi mawili na bado hutetemeka, kwa sababu baridi inapanda kutoka sakafuni. Godoro likilala kwenye saruji hunyonya ubaridi usiku kucha. Tandaza maboksi makavu yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, kisha godoro. Mwenye mablanketi mawili na godoro jembamba alaze moja chini ya shuka na ajifunike lingine.

Kwa mavazi, nguo tatu nyepesi zilizopandana hushinda koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo inayohifadhi joto. Kofia na soksi kavu ni muhimu kwa watoto. Nguo yenye unyevu, hata kama ni nzito, humpoza anayeivaa, kwa hiyo mtoto aliyeloa jasho au umande abadilishwe mara moja.

Pombe haisaidii. Mnywaji huhisi joto kwa sababu damu inasogea karibu na ngozi, lakini joto hilo linapotea nje na mwili unabaki baridi kuliko mwanzo.

Mkaa mchache, chakula cha moto

Msimu wa baridi ndio msimu wa makande, maharage na uji, vyakula vinavyokula mkaa. Loweka maharage na mahindi tangu usiku. Kisha andaa kapu kubwa, ulitandike ndani nguo kuukuu au blanketi pande zote. Chungu kikishachemka vizuri kwa nusu saa, kifunike na kukiweka ndani ya kapu, ukifukie kwa nguo juu. Chakula huendelea kuiva kwa joto lake kwa saa tatu au nne. Kabla ya kupakua, kirudishe jikoni kichemke tena.

Familia inayookoa nusu ndoo ya mkaa kwa wiki kwa njia hii, kwa wiki 13 za Juni hadi Agosti itakuwa imeokoa ndoo sita na nusu. Fedha hiyo ni blanketi.

Maji ya moto yawekwe kwenye chupa ya chai tangu jioni, ili anayeamka usiku kumnyonyesha mtoto au kumhudumia mzee asilazimike kuwasha moto.

Watoto na wazee

Mtoto mchanga hawezi kutunza joto lake mwenyewe. Njia bora isiyogharimu kitu ni kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia na nepi, kisha mama au baba akajifunika pamoja naye akiwa macho. Asiogeshwe usiku.

Mafua ni ya kawaida msimu huu, lakini nimonia ni hatari. Mzazi ahesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kwenda kituo cha afya bila kuchelewa. Vivyo hivyo kifua kinachobonyea anapovuta pumzi, au mtoto anayekataa kunyonya.

Wazee hawasemi haraka kwamba wanaumia baridi. Babu au bibi anayeishi peke yake atembelewe jioni, si asubuhi tu, aonekane amekula cha moto na ana cha kujifunika.

Jiko lina mahali pake

Jiko la zamani la nyasi lilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa, na hewa ilipita. Chumba cha leo kina matofali, vioo na dari. Kadiri nyumba inavyoboreshwa, na kadiri mzazi anavyoziba nyufa kama ilivyoelezwa hapo juu, ndivyo jiko la mkaa linavyozidi kuwa hatari ndani yake. Anayeziba upepo amekubali pia kulala bila jiko.

Sumu ile hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Aliye macho huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hahisi chochote. Watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, fungueni milango, tokeni nje wote, na mpelekeni aliyezidiwa hospitali.

Wanaotaka kuota moto waote jikoni au uani, penye hewa inayopita. Muda wa kulala ukifika, makaa yazimwe kwa mchanga hukohuko nje, na mkubwa mmoja ndani ya nyumba apewe kazi ya kuhakikisha hivyo kila usiku. Na mtoto akiuliza tena kama jiko liingizwe, jibu lisiwe asubiri moshi uishe. Jibu liwe: “Hapana mwanangu, njoo tujifunike.”