Mtindi si dawa ya ukurutu wa mtoto

MTOTO mwenye ukurutu akijikuna usiku kucha, nyumba nzima hailali, iwe Ayivu jijini Arua au Kampala. Ndiyo maana habari za bakteria wazuri wa tumboni huwavutia wazazi.

Uganda bakteria hao wamo katika chachu ya mtindi iitwayo Yoba. Ni wale wale LGG waliojaribiwa Turku, Finland, kwa wajawazito wa familia zenye mzio, kisha kwa watoto wao. Matokeo ya mwaka 2001 yalisisimua: walipofikisha miaka miwili, wenye ukurutu walikuwa asilimia 23, dhidi ya 46 kwa waliopewa vidonge visivyo na kitu. Wajerumani waliporudia jaribio, mwaka 2008 walitangaza kwamba hawakuona kinga hiyo.

Na kwa mtoto ambaye tayari anaumwa? Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018 ulikuta nafuu ni ndogo mno au haipo.

Hapo mzazi awe macho, maana mtindi ni maziwa. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, kijiko kimoja chaweza kumvimbisha midomo na kumbana pumzi. Huyo akimbizwe hospitali. Ngozi ya ukurutu ipakwe vazelini mara kadhaa kwa siku, pamoja na dawa aliyoandika daktari.