Pete na Chanda: Zawadi Inavyofanya Kazi Katika Kujifunza

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Methali hii ina mpangilio wake: chanda huwa chema kwanza, pete ikafuata. Siku hizi mpangilio huo mara nyingi hupinduliwa. Pete huahidiwa mapema, kwa tumaini kwamba ahadi yenyewe itakifanya chanda kiwe chema. Mzazi humwahidi mtoto simu akishika namba moja darasani. Programu ya kujifunzia humgawia nyota kila anapopata jibu. Zipo hata shule zilizowahi kuwalipa wanafunzi fedha taslimu. Kabla ya kusifu au kulaumu, tutazame kwanza zawadi inavyofanya kazi.

Tuanze na istilahi. Motisha ni kile kinachomsukuma mtu kutenda. Motisha ya ndani hutoka katika kitendo chenyewe: mtoto anasoma hadithi kwa kuwa anataka kujua sungura atamponyokaje fisi. Motisha ya nje hutoka pembeni: anasoma hadithi ileile kwa kuwa ameahidiwa shilingi. Ukiwatazama watoto hao wawili, wote wameinamia kitabu. Tofauti yao hujitokeza siku ambayo shilingi imekoma.

Siku hiyo ndiyo waliyoichunguza Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, katika jaribio walilolichapisha mwaka 1973. Katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti iwapo litachora. La pili lilichora, kisha likapewa cheti bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilirudishwa darasani, na cheti hakikutajwa tena. Watoto walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao.

Ni vyema kuona ni nani aliyepoteza na ni nani ambaye hakupoteza. Waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu, kwa hiyo kosa halikuwa katika cheti. Lilikuwa katika ahadi, iliyoligeuza jambo la kupendwa kuwa kazi ya malipo, na malipo yalipoondoka kazi ikakosa sababu. Lakini jaribio hili lilihusu watoto wenye hamu tayari. Kwa mtoto ambaye kusoma kwake ni mateso, hakuna hamu ya kupotea. Huyo anatupeleka kwenye swali la pili: tunalipa kwa kitu gani?

Kuanzia mwaka 2007, mchumi Roland Fryer wa Chuo Kikuu cha Harvard alisimamia majaribio katika shule zaidi ya 200 za miji mikubwa ya Marekani. Mjini Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu, baada ya kujibu kwenye kompyuta maswali mafupi ya kuthibitisha kwamba wamekisoma. Mjini New York, wanafunzi wa darasa la nne na la saba walilipwa kwa alama za mitihani. Mjini Chicago, wa darasa la tisa walilipwa kwa madaraja ya masomo: dola 50 kwa A, 35 kwa B na 20 kwa C. New York na Chicago, fedha hazikupandisha matokeo ya mitihani. Dallas, uelewa wa kusoma uliongezeka miongoni mwa watoto waliopimwa kwa Kiingereza.

Kwa nini dola 2 zifanye yale ambayo dola 50 hazikuyafanya? Mtoto wa Dallas alilipwa kwa kitendo kilichokuwa mikononi mwake: chukua kitabu, kaa, soma. Mwanafunzi wa Chicago au New York alilipwa kwa matokeo, na kati yake na matokeo kulikuwa na njia asiyoijua. Wanafunzi wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili wapate fedha zaidi, walitaja mbinu za chumba cha mtihani, kama kulisoma swali kwa makini. Hawakutaja kusoma zaidi wala kumuuliza mwalimu mada iliyowatatiza. Fedha ziliongeza hamu ya kufika, lakini hazikumwonyesha mtu barabara.

Hapa msomaji makini atauliza kuhusu Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 ulianza mpango wa ufadhili kwa wasichana wa darasa la sita. Walioingia katika asilimia 15 ya juu ya mtihani walilipiwa shilingi 500 za Kenya za ada kwa mwaka, familia ikapewa shilingi 1,000 za mahitaji ya shule, kwa miaka miwili, nao wakatuzwa hadharani mbele ya wazazi. Hayo yalikuwa malipo ya matokeo. Hata hivyo, Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walikuta kwamba alama za wasichana zilipanda Busia. Walimu nao walihudhuria zaidi, na hata wavulana, ambao hawakuwa na haki ya kushindania tuzo hiyo, walinufaika.

Mifano hii miwili, wa New York na wa Busia, haipingani. Tuzo ya Busia haikuishia kwa mtoto. Iliwagusa pia mwalimu na mzazi, yaani watu wanaoijua barabara. Malipo ya matokeo huzaa matunda pale ambapo yupo mtu wa kumshika mwanafunzi mkono hadi kwenye matokeo.

Sasa tuje kwenye programu za kujifunzia zilizoundwa kwa mfano wa mchezo. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga, Tanzania, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya 90 kati ya kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Fedha zilikwenda kwa watengenezaji wa programu, watoto hawakulipwa.

Mchezo hutoa kitu ambacho fedha hazina, nacho ni mrejesho: taarifa ya papo hapo inayomwambia mtoto kwamba silabi hii ameiweza, ile ameikosa, airudie. Lakini si kila nyota ni mrejesho. Ile anayopewa kwa sababu tu amefungua programu siku saba mfululizo ni malipo ya mahudhurio, na mtoto anaweza kuichuma kwa kurudia somo rahisi kila jioni. Kipimo ni hiki: ziondoe nyota zote, kisha uliza kama mtoto bado anajua alipokosea na kwa nini. Akijua, programu hiyo inafundisha. Asipojua, inamzoeza kubonyeza tu.

Hukumu yetu basi ni hii. Zawadi ina nguvu ya kuanzisha mwendo, si ya kuonyesha njia. Usimwahidi mtoto malipo kwa jambo analolipenda tayari. Ukiahidi, lipia kitendo anachoweza kukifanya leo, kama kumaliza kitabu kimoja. Na mzazi anayetaka kuahidi simu kwa namba moja, aahidi kwanza nusu saa kila jioni ya kukaa na mwanawe mbele ya daftari.