Fahamu: Kwa nini dawa za saikosisi hazipatani na miraa

Kuanzia Nyeri hadi Embu na Meru, mgonjwa anayetumia dawa za saikosisi kama haloperidoli au olanzapini huishi karibu mno na miraa na muguka. Hatari iko hapo. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kemikali ya dopamini kwenye ubongo. Miraa huiongeza, na sauti alizokuwa akizisikia mgonjwa, zilizokwisha kunyamaza, zaweza kurudi. Pombe nayo huzidisha usingizi unaoletwa na dawa hizi.

Kosa kubwa zaidi ni kuacha vidonge ghafla kwa sababu mtu amepata nafuu. Mara nyingi nafuu hiyo ni kazi ya dawa yenyewe! Mikono ikitetemeka au uzito ukipanda kwa sababu ya dawa, mwambie daktari apunguze dozi au abadilishe dawa.

Homa kali, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa ni dharura: mpelekeni mgonjwa hospitalini mara moja.