Kitunga cha nyumba kwanza, soko baadaye



Katika toleo hili hatutazungumza juu ya mbolea wala bei ya gunia. Tunataka kuingia jikoni. Tukae kidogo karibu na mafiga, tusikilize swali ambalo watoto wanauliza kila jioni: "Mama, leo tutakula nini?"

Mara nyingi jibu ni lile lile: "Ni bugari na sombe, kama jana." Siku zingine hata sombe haiko, na bugari inashuka kwa chumvi na pilipili.

Katika nyumba isiyo na shamba, hilo si jambo la kushangaza. Lakini sisi tumeliona katika nyumba zenye shamba, zenye ng'ombe, zenye michikichi. Tumeliona katika nyumba za wanachama wetu wazuri, wale wanaoleta magunia mengi kwenye depo. Ndiyo maana tunaandika.

Mtoto aliyekaa mlangoni

Siku moja, kule milimani Masisi, tulipokelewa na mwanachama ambaye jina lake hatutaliandika. Ana ng'ombe wawili wanaotoa maziwa vizuri. Kila asubuhi kijana anapita na bidoni, anachukua maziwa yote na kuyapeleka kwa watengenezaji wa fromaji. Fromaji ya Masisi tunaijua: inauzishwa Goma na inafika mpaka Kinshasa. Maharagi nayo yalikuwa yamekwenda wiki ile ile ya mavuno, kwani pesa ya shule ilikuwa inangojewa.

Mlangoni alikaa mtoto wa miaka miwili hivi. Mdogo wake alikuwa mgongoni kwa mama. Miguu ya yule mtoto ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu-nyekundu, uso umejaa maji. Wenzake walikuwa wanacheza. Yeye hakutaka hata kuwaangalia. Mzee wa nyumba, mama yake baba, alituambia kwa sauti ndogo: "Majirani banasema ni bulozi." Baba akanyamaza.

Haikuwa bulozi. Ilikuwa bwaki.

Mtoto alipelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na tunashukuru kusema kwamba alipona. Lakini tuliporudi njiani kila mmoja wetu alikuwa na swali moja moyoni: inawezekanaje mtoto apate bwaki katika nyumba inayotoa maziwa kila asubuhi?

Watu wa Kivu wanaijua bwaki tangu zamani. Kule Bukavu kuna hata shirika lililochukua jina la ugonjwa huo, Comité Anti-Bwaki. Madaktari wanauita kwashiorkor. Jina hilo lilitoka kwa watu wa Accra, katika nchi inayoitwa leo Ghana, na daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliliandika mwaka 1935 ili dunia ilijue. Kwa wenyeji wa kule, ni ugonjwa wa mtoto anayesukumwa pembeni mdogo wake anapozaliwa. Anaachishwa ziwa, na badala yake anapewa uji wa mahindi peke yake.

Tazameni vizuri: hakuna aliyemchukia mtoto yule. Alikuwa anashiba kila siku. Lakini bugari peke yake inajaza tumbo, haijengi mwili. Maharagi, soya, karanga, maziwa, mayai na samaki ndivyo vinavyojenga. Mtoto akivikosa, halafu kuharisha au surua ikapita nyumbani, anaanguka.

Tate zetu walipimaje?

Wengi wetu tunaoandika hapa tulilelewa na tate, ndio bibi na babu zetu. Tunakumbuka siku za kupiga maharagi uwanjani, vumbi linapanda, kuku wanakimbia huku na huku. Mchuuzi alikuwa amekwisha kusikia habari, anakaa chini ya mti na pesa mfukoni. Tate hakumwangalia hata kidogo. Alichukua kitunga kidogo, akajaza, akamimina ndani ya ghala yake. Akajaza tena, akamimina. Sisi watoto tulihesabu kwa sauti. Alipofika hesabu yake, alitundika kitunga juu ya moto na kusema: "Sasa mumuite."

Hatukuelewa. Tulifikiri ni ukaidi wa wazee. Leo tunajua kwamba ile ilikuwa hesabu ya nyumba: vinywa vingapi, wiki ngapi mpaka mavuno mengine. Maharagi yenyewe aliyachanganya na majivu makavu ili wadudu wasiyatoboe. Mbegu aliziweka juu ya moshi.

Hatusemi kwamba kila jambo la zamani lilikuwa zuri. Katika nyumba nyingi mayai na kuku vilikatazwa kwa wanawake, na kipande kikubwa cha nyama kilikuwa cha baba hata kama mama ana mimba. Hilo tuliache huko huko. Lakini kitunga tukirudishe.

Kwa nini kilipotea? Sababu mnaijua kuliko sisi. Mtu anayekimbia vita habebi kinu wala ghala. Wasichana wetu wengi walikulia kambini, ambako unga unapimwa na mtu mwingine, siku anayotaka yeye. Leo ni wamama wenye nyumba zao, na hakuna tate aliyekaa nao uwanjani wakahesabu pamoja. Halafu pesa nayo ina haraka. Kule Walikale, mawese, mchele, karanga na ndizi vinakimbilia machimbo kama Bisie, ambako vinalipwa vizuri; nyumbani inabaki mihogo. Masisi ni maziwa na maharagi. Njia ni mbili, sahani ya mtoto ni moja.

Tusuke kitunga

Si kazi ngumu. Masisi tuna mianzi; Walikale kuna kekele ya msituni. Watoto wakae karibu waone.

Pasua vipande vyembamba, upana wa kidole kidogo, na uviloweke usiku mzima ili visivunjike. Chukua vipande 8 virefu: 4 uvilaze, 4 uvipitishe juu yake kama msalaba. Sasa una miguu 16 inayotoka pande zote. Ongeza mguu mmoja, ziwe 17. Usisahau huo mmoja, kwani hesabu ikigawanyika kwa mbili, usukaji unarudia mahali pale pale na kitunga hakishikani. Suka kwa kuzunguka: juu ya mguu mmoja, chini ya unaofuata. Kitako kikifika upana wa shibiri moja, kunja miguu iangalie juu, uendelee kusuka mpaka kimo cha shibiri moja. Mwisho, kunja ncha na uzichomeke ndani.

Kisha peleka kitunga chako kwenye depo ya koperative. Pima kwa mizani kilo 2 na nusu za maharagi, mimina ndani, na ufunge uzi mwekundu pale yanapofika. Kitunga chako kimekuwa kipimo.

Hesabu ya nyumba

Tuchukue nyumba ya watu 6. Kila mmoja akipata gramu 100 za maharagi makavu, ni gramu 600 kwa chakula kimoja. Mkila maharagi mara 4 kwa wiki, ni kilo 2 na gramu 400. Ndiyo kusema kitunga kimoja kwa wiki, na kidogo kinabaki.

Kutoka mavuno ya sezoni A, mwezi wa kwanza, mpaka yale ya sezoni B, mwezi wa sita, ni kama wiki 20. Vitunga 20 ni kilo 50, nusu ya gunia la kilo 100. Mbegu ya kupanda uiweke kando, haimo katika hesabu hii.

Kwa maziwa hesabu ni fupi zaidi. Ng'ombe akitoa litre 4, litre 1 ibaki. Hiyo ni glasi moja kwa kila mtoto, kama watoto ni 4. Yachemshwe mpaka yapande, kwani maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na magonjwa mengine.

Tunajua mtakachojibu: "Na shule? Na deni? Na hospitali?" Ni kweli, na hatuna dawa ya kila kitu. Lakini tukumbuke tunachofanya kila mwaka. Tunauzisha maharagi mwezi wa mavuno, wakati kila mtu anauzisha na bei iko chini. Miezi mitatu baadaye tunanunua tena maharagi hayo hayo, kopo kwa kopo, kwa bei ya juu. Anayeweka kitunga hapotezi pesa. Anajiuzia mwenyewe kwa bei ya mavuno. Kama 20 ni vingi kwako, anza na 5.

Kutoka kitunga mpaka chungu

Maharagi: yaloweke usiku, maji hayo uyamwage, upike kwa maji mapya. Yanaiva haraka, unapunguza kuni na makala, na tumbo halijai hewa. Weka nyanya au kamulia ndimu unapokula. Hivyo mwili unachukua vizuri chuma kilichomo, kile kinachoongeza damu. Chai usiinywe pamoja na chakula, kwani inazuia chuma hicho. Ingoje saa moja.

Sombe: ni mboga yenye nguvu, tusiidharau. Itwangwe vizuri, ipikwe muda mrefu bila kufunika, ili sumu ya mhogo itoke na mvuke. Ongeza karanga za kutwanga au sambaza wakavu. Sambaza wanaliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo inajenga mifupa ya mtoto. Wazee wanakumbuka kwamba zamani samaki hao hawakuwako Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo hata jikoni kwetu vitu vipya vinaingia na kuwa vyetu.

Mawese: wekeni mafuta mekundu mwishoni, chungu kikikaribia kutoka motoni. Ile rangi nyekundu ndiyo inayompa mtoto vitamini A ya macho. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, rangi imekwenda na faida imekwenda.

Mihogo michungu: iloweke siku 3 kamili, ndipo uikaushe. Usikubali haraka ya soko. Mihogo isiyolowekwa vizuri, ikiliwa kila siku bila chakula kingine, inaweza kupoozesha miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na uliandikwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kongo, kule Kwango, mwaka 1938.

Uji wa sosoma: makopo 2 ya mahindi, 1 ya mtama, 1 ya soya. Soya ikaangwe kwanza mpaka inukie, kwani soya mbichi inazuia tumbo kusaga chakula. Saga vyote pamoja. Mtoto apate ziwa peke yake miezi 6 ya kwanza, halafu uji huu pamoja na ziwa mpaka miaka 2 au zaidi. Hata mdogo wake akiwa tumboni, mkubwa asisahauliwe: huo ndio wakati bwaki inapoingia.

Ukiona mtoto miguu imevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, usingoje wala usitafute mlozi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Neno kwa koperative

Tunaomba jambo moja dogo kwa kamati zetu. Siku ya kupokea mazao, kabla ya kuweka gunia kwenye mizani, anayepokea amuulize mwanachama: "Kitunga chako umejaza mara ngapi?" Si kwa kumuaibisha, wala kumkatalia. Ni kwa kukumbushana. Na swali hilo tusiliulize kwa mama peke yake. Mara nyingi mama anajua hesabu ya vinywa, lakini baba ndiye anayeita mchuuzi. Wakae wawili, wahesabu pamoja, kabla gunia halijashonwa.

Tulirudi kwa yule mwanachama wa milimani baada ya mavuno yaliyofuata. Kijana wa bidoni alikuwa anapita kama kawaida. Lakini juu ya moto palikuwa na kitunga chenye uzi mwekundu, kimesukwa vibaya kidogo, upande mmoja umelala. Baba alicheka: "Ni mimi nilikisuka. Mama mzee alinirudilisha mara tatu." Mtoto alikuwa uwanjani, anafukuza kuku. Tulipomuita hakuja, alikuwa na kazi.

Nanyi, tate wenu walipima namna gani? Walihifadhi mboga vipi wakati wa jua? Mwambieni sekretere wa koperative yenu, atatuandikia. Tutayachapisha katika toleo lijalo, ili anayekulia mbali na tate wake apate mahali pa kujifunza.

Mavuno mema, na jioni njema kwenye mafiga yenu.