Je, Wajua? Nyumba Isiyo na Kisa

Je, wajua kwamba mchezo wa kompyuta uitwao The Sims, uliotoka mwaka 2000, asili yake ni msiba, kwa kuwa mbuni wake Mmarekani, Will Wright, aliunguliwa na nyumba katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, naye alipokuwa akinunua upya samani na vyombo, akaanza kutafakari ni vitu vipi hasa mwanadamu anavyovihitaji?

Mchezo huo hauna mshindi wala hatima, na kwa hiyo mchezaji, akishaijaza nyumba fahari, hukinai upesi. Dawa yake ni kisa. Mwaka 2009, Robin Burkinshaw wa Uingereza, akitumia The Sims 3, alisimulia habari za Alice na babaye Kev, mafakiri wasio na makao, na wasomaji wakawahurumia kana kwamba ni viumbe hai. Wachezaji wengine huiongoza aila moja kwa vizazi 10, mirathi ikipokezanwa.

Kijana wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyezoea kumwitikia nyanyaye “Pakawa!” na kusikiliza mazungumzo ya barazani Ndia Kuu, hana haja (nasadiki mimi) ya kufunzwa hayo: na aujenge mlango wa nakshi, kisha nyuma yake atie jirani hasidi, wasia uliofichwa sandukuni, na bwana harusi aliyesafiri usiku wa kuamkia nikaha.