Kabla ya kuongeza nguvu kwenye kamyoneti ya koperative

Kiangazi kikiingia, mahindi inatoka mashambani na barabara za kutoka Kasenga, Sambwa na Kaponda kuelekea Lubumbashi zinajaa kamyoneti zenye magunia. Njo wakati ule maneno yanaanza kwenye komite: motokari imechoka, haipande tena mlima, tuiongezee nguvu. Fundi wa garaji naye ana jibu tayari: "Muzee, tunafungua mazutu kidogo, tunapandisha turbo, utaona vile itakimbia." Kazi ya nusu siku, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na moteri nyingine.

Hiyo kazi inawezekana kweli, si uongo. Lakini motokari ya koperative ni mali ya watu wote, na moteri ikipasuka katikati ya msimu, mahindi ya watu wote inabaki kijijini hadi mnunuzi apitie kwa jirani. Kwa hiyo wanamemba wenyewe, si shofere peke yake, wanapashwa kuelewa fundi anagusa nini.

Moteri ya mazutu inakula vitu viwili: mazutu na hewa. Kilo moja ya mazutu inaomba karibu kilo 14 na nusu ya hewa ili iungue yote, na moteri nzuri inapewa hewa zaidi ya hapo. Turbo iko pale kwa kazi ya hewa. Ni magurudumu mawili madogo kwenye fimbo moja: moshi unaotoka unazungusha moja, na lile la pili linasukuma hewa ndani ya silinda. Fimbo ile inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachoibeba ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri. Mafuta yakiwa machafu ao yakipungua, turbo inakufa mbele ya vitu vingine vyote.

Kwenye motokari za zamani zenye pompu ya kawaida, fundi anazungusha skurubu ya pompu ili mazutu mengi yaingie. Anaweza pia kugusa kamlango ka turbo, kale kanakofunguka kuachilia moshi upite pembeni wakati presha imefika kipimo. Akikachelewesha kufunguka, presha inapanda. Kwenye motokari mpya zenye kompyuta, anabadilisha programu yake ao anaunga kasanduku kadogo kwenye waya. Visanduku vingi vya namna hiyo vinaidanganya tu kompyuta: vinaiambia presha ya mazutu ni ndogo, nayo inaipandisha. Sisi hatuvipendi, juu ya kompyuta ile inawekwa kulinda moteri, na mlinzi aliyedanganywa halindi tena sawasawa.

Hizo njia zote zinaishia kwenye joto. Mazutu ikizidi hewa, inatoka moshi mweusi, na joto la moshi linapanda. Mafundi wengi wenye uzoefu hawataki moshi upite digrii 700 kwa muda mrefu kabla ya kufika kwenye turbo. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka karibu na digrii 660. Ikiwa pistoni haiyeyuki kila siku, ni kwa sababu mafuta na maji yanaondoa joto bila kupumzika, na moto mkali unapita kwa muda mfupi tu. Lakini fikiria kamyoneti yenye tani moja ya mahindi, kwenye mchanga ao kwenye mlima, shofere amekanyaga hadi chini kwa dakika kumi. Hapo hakuna mapumziko. Fundi, yeye, anaijaribu motokari tupu, kwenye lami, dakika tano. Inaruka vizuri, kila mtu anacheka, analipwa.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Matadi kwa kama asilimia 12. Motokari isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi kilekile. Yenye turbo inapoteza kidogo, lakini bei yake ni hii: ili kufikisha presha ileile, turbo ya hapa inazunguka mbio kuliko ya pwani. Ukiipandishia presha tena, unaisukuma karibu na mwisho wake. Kwa hiyo mtu akikuambia kipimo fulani kilifaa kwa motokari ya ndugu yake kule Matadi ao Dar es Salaam, mshukuru, lakini usikifuate.

Koperative zenye Land Cruiser za moteri ya 1HZ, ile ya silinda sita na litre 4.2, mjue kwamba ilizaliwa bila turbo. Kuna watu wanaiwekea. Moteri ile inabana hewa zaidi ya mara 22, imetengenezwa ipumue yenyewe, na turbo yenye presha kubwa inaweza kuipasua kilasi, yaani kichwa cha moteri. Wanaofaulu wanaweka presha ndogo, wanapima joto, na hawana haraka.

Sasa swali ambalo fundi haulizi mara nyingi: nguvu ilipotelea wapi? Motokari ambayo miaka mitatu iliyopita ilipanda mlima uleule na mzigo uleule haikuzaliwa dhaifu. Anza na vumbi, hili vumbi letu jekundu. Zima moteri, fungua tiyo inayotoka kwenye filtri ya hewa kwenda kwenye turbo, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka chekundu, vumbi inaingia ndani ya moteri: filtri imepasuka, ao haikai sawasawa kwenye nyumba yake, ao tiyo ina tundu. Hiyo vumbi inasaga gurudumu la turbo na silinda pamoja. Kidole kikitoka safi lakini filtri imejaa, moteri inakosa pumzi tu. Usiipeleke kwa mtu wa mapine aipulize kwa nguvu kutoka nje; vumbi inazama zaidi na karatasi inatoboka. Ipulizwe polepole kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka inunuliwe mpya.

Kisha tazama tiyo za kauchu kati ya turbo na moteri. Ufa mdogo unapiga filimbi wakati wa kupanda, na presha yote inaishia njiani. Filtri ya mazutu nayo: mazutu ya kwenye bido inakuja na maji na uchafu, na injekteri za motokari mpya hazisamehe. Mwishoni inua magurudumu, yazungushe kwa mkono. Freni ikishika bila kukanyagwa, motokari inavuta mzigo usioonekana. Kazi hizi zote zinaweza kugharimu chini ya ile ya kuongeza nguvu, na mara nyingi zinarudisha kile kilichopotea.

Na nguvu ya moteri haiongezi mzigo ambao motokari inaruhusiwa kubeba. Freni zinabaki zilezile, lame zilezile, ambriaji ileile. Kamyoneti inayopanda haraka na magunia mengi kuliko zamani, kuna mahali itashuka nayo.

Ikiwa baada ya hayo yote mkutano unakubali kuongeza nguvu, kwanza nunueni vipimo viwili, cha presha ya turbo na cha joto la moshi, viwekwe mbele ya macho ya shofere. Fundi akikataa vipimo, tafuteni mwingine. Kabla hajagusa, skurubu zipigwe alama ya rangi mahali zilipokuwa, na iandikwe kwenye daftari ili mwingine aweze kuzirudisha. Azungushe kidogo kidogo, na jaribio lifanyike na magunia ndani, kwenye mlima mnaoujua. Moshi mweusi unaoendelea ni ishara ya kurudi nyuma. Hesabuni litre za mazutu kwa safari ileile, kabla na baada, mkutano uone falanga inaenda wapi.

Shofere naye ana kazi yake. Akifika sokoni Kenya baada ya safari nzito, asizime moteri papo hapo. Aiache inguruke polepole dakika moja ao mbili mafuta yapoze turbo, juu ya yakisimama ndani yake ikiwa na moto mkali, yanaungua na kugeuka makaa kwenye fimbo. Asubuhi pia, dakika moja kabla ya kukanyaga.