RIDHAA SI SAINI

Watafiti hufika mara kwa mara vijijini na mitaani kwetu, karatasi za maswali mkononi, wakitaka habari za yatima, za watoto wagonjwa na za jamaa zisizojiweza. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Bila utafiti, chanjo na dawa zinazookoa watoto zisingepatikana. Linalotushughulisha ni namna ridhaa ya mzazi inavyopatikana.

Yaliyotokea Kano, Nigeria, mwaka 1996 hayafai kusahauliwa. Homa ya uti wa mgongo ilipokuwa ikiua maelfu, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake ya Trovan kwa kundi la watoto wapatao 200. Nusu walipewa dawa hiyo, na nusu dawa iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walifariki, 5 kati yao wakiwa wamepewa Trovan. Wazazi walisema hawakuelezwa kuwa hilo lilikuwa jaribio. Kampuni ilikanusha, ilidai kwamba wazazi waliridhia kwa mdomo, na kwamba kilichoua ni ugonjwa. Mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 za Marekani katika mapatano na Serikali ya Jimbo la Kano, bila kukiri kosa.

Hasara haikuishia hapo. Kano iliposimamisha chanjo ya polio mwaka 2003, kumbukumbu ya jaribio lile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea shaka ya wananchi. Polio ikaenea hata ikavuka mipaka. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mama aliyebeba mtoto mahututi hana nafasi ya kupima maneno. Akidhani kwamba kukataa ni kunyimwa matibabu, alama ya dole gumba lake si ridhaa. Wala majibu ya hofu hayajengi elimu, kwani mwenye shida humwambia mgeni mwenye msaada lile analodhani mgeni anapenda kulisikia.

Kwa hiyo twazitaka kamati za maadili zisitosheke na karatasi zilizotiwa saini. Ziende kuwauliza wazazi walichoelewa. Maelezo yatolewe kwa lugha ya nyumbani. Mzazi ahakikishiwe kuwa akikataa mtoto atatibiwa vile vile. Mtoto anayeweza kuelewa naye aulizwe. Na matokeo yarudishwe kwa waliotoa habari. Mtafiti asiyeweza kutimiza hayo hana budi kungoja.